Turubai Likishashushwa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Faraja ya Kikristo Unapofiwa

Katika misiba yetu kuna saa moja ambayo haimo kwenye ratiba inayosomwa na mwenyekiti wa kamati. Ni saa ambayo vijana wanafungua kamba za turubai, viti vya plastiki vinapandanishwa ili virudishwe kwa mwenyewe, masufuria makubwa yanasuguliwa kwa majivu, na kuni zilizobaki zinamwagiwa maji. Makelele ya siku nne au tano yanakoma ghafla. Nimehudumu kwa miaka mingi kama mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri jijini Dar es Salaam, na kamati za misiba nilizokalia sina hesabu yake. Lakini saa hiyo sikuijua mpaka mama yangu alipofariki, na turubai lililokuwa likishushwa likawa la kwetu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyemo katika saa hiyo au anayeielekea, na pia kwa yule anayetaka kumsaidia. Nimeupanga kwa kufuata jinsi msiba unavyokwenda kwetu, tangu taarifa ya kwanza hadi mwaka unapotimia, kwa sababu mahitaji ya mfiwa hubadilika, na neno linalomfaa mwezi wa tatu laweza kuwa mwiba siku ya kwanza. Msimamo wangu nausema mapema: tumaini la Kikristo halikuletwa ili kufupisha kilio. Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kuhuzunika, aliwaandikia "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini" (1 Wathesalonike 4:13). Karibu kila kosa nililoliona katika kufariji watu, yakiwemo niliyoyafanya mwenyewe, linaanzia pale mstari huo unapokatwa katikati na kusomwa kana kwamba umeishia kwenye neno "mkahuzunika".

Hatua ya kwanza: Siku za mwanzo, utunze mwili

Watu wengi hudhani kwamba jambo la kiroho la kufanya mara tu unapopata taarifa ya kifo ni kuomba sana. Soma kwanza sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Eliya alikaa chini ya mretemu akamwomba Mungu amwondolee uhai, na malaika aliyetumwa kwake hakumhubiria wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na maagizo yaleyale. Mazungumzo na Mungu mlimani Horebu yalikuja baadaye, baada ya chakula, usingizi na safari ya siku arobaini.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumchagua mtu mmoja, awe dada, shemeji au jirani, na kumwambia waziwazi kwamba kazi yake katika msiba huu ni kukuangalia wewe. Kamati itaangalia jeneza, magari na chakula cha waombolezaji. Huyu ahakikishe umekunywa uji, umekunywa maji, na umemeza dawa zako kama una shinikizo la damu au kisukari, kwa maana dozi husahaulika kirahisi kabisa katika siku hizi. Huyohuyo ashike simu yako kwa saa kadhaa kila siku. Daftari la rambirambi lisikae mikononi mwa mfiwa hata kidogo; nimemwona mjane akihesabu noti usiku wa manane huku mwili wa mumewe ukiwa bado mochwari, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kumpokea mzigo huo. Kama mazishi ni ya nyumbani na safari ni ndefu, kama ilivyo kwa wengi wetu tunaosafirisha mwili zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, lala mchana wa kabla ya safari hata kama usingizi hauji. Kujinyoosha tu kitandani huku mlango umefungwa kunasaidia.

Kuhusu maombi, usijilaumu yakikataa kuja. Warumi 8:26 inasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mwachie Roho na kanisa kazi hiyo kwa siku chache. Ukitaka kusema neno, "Bwana, unihurumie" latosha, likirudiwa na pumzi yako.

Hatua ya pili: Lia, na malalamiko yako yapeleke kwa Mungu mwenyewe

Katika Yohana 11, Martha na Mariamu wanamwambia Yesu maneno yaleyale, neno kwa neno: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Ni lawama, hata kama ina heshima ndani yake. Martha anajibiwa kwa mafundisho, na ndipo tunapolipata lile neno "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu, aliyesema sentensi ileile, hapewi mafundisho yoyote, Yesu anamwona akilia, anaugua rohoni, anauliza wamemweka wapi, kisha analia machozi. Alilia huku akijua kwamba dakika chache baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini. Mtu akikwambia kwamba Mkristo mwenye tumaini halii, mrudishe kwenye ukurasa huo.

Wanaume nawataja hapa kwa makusudi. Tumelelewa kwa neno "jikaze", na ndiyo maana wengi hujikaza mpaka shingo na mgongo viume, au mpaka chupa iwafungue ulimi. Yusufu, waziri mkuu wa Misri, alimwangukia baba yake usoni akamlilia (Mwanzo 50:1), mbele ya watumishi na waganga wake, wala hakupungukiwa na cheo.

Njia ya kuyapeleka malalamiko kwa Mungu ipo tayari katika Zaburi ya 13, yenye aya sita tu. Chukua daftari na ufuate mpangilio wake. Mwandishi anaanza kwa kumwita Bwana, kisha anauliza "hata lini" mara nne mfululizo. Baada ya hapo anaomba kitu mahususi. Na mwishoni anatamka neno la kutumainia. Andika kila sehemu kwa maneno ya nyumbani kwako, si kwa lugha ya mimbarini. Ya kwangu, wiki ya pili baada ya mazishi, ilisomeka hivi: "Bwana, mpaka lini nitakuwa nashika simu saa mbili usiku nimpigie mama halafu nakumbuka? Mpaka lini utanyamaza? Ulimwona alivyohangaika na pumzi usiku ule, na mimi nilikuwa kwenye foleni ya gari. Naomba nilale leo bila kuiona foleni ile. Nakutegemea, ingawa leo sioni vizuri." Sehemu ya mwisho isipokuja, iache wazi. Zaburi ya 88 inafungwa gizani, bila neno lolote la kufurahi, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa.

Hatua ya tatu: Chuja maneno ya wafariji

Watakuja wengi, na wengi watasema. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." "Usilie, unamsumbua marehemu." Wengine wataongeza "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", na hilo hasa ndilo linaloniuma linavyotumiwa, kwa sababu Ayubu alilisema yeye mwenyewe juu ya msiba wake mwenyewe (Ayubu 1:21), hakuambiwa na jirani aliyeshika sahani ya pilau. Kuna tofauti kubwa kati ya mfiwa kufika kwenye neno hilo kwa miguu yake na mtu mwingine kumsukuma huko. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo jema kabisa mwanzoni: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walipofungua vinywa kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawaambia kwamba hasira yake imewaka juu yao.

Huna wajibu wa kubishana na kila mfariji. Jibu "asante kwa kuja", kwa maana kuja ni kweli na kuna thamani, na liache neno lenyewe lipite kama gari barabarani. Maneno mawili au matatu yaliyokushika, hata kama yalisemwa na mtoto au na mama muuza mboga, yaandike kwenye lile daftari, utayahitaji baadaye.

Lipo neno moja, hata hivyo, ambalo halifai kuachwa lipite, nalo ni "mkono wa mtu". Katika misiba yetu mingi, hasa anapofariki kijana, mnong'ono huanza jikoni au nyuma ya nyumba: kuna aliyemloga, kuna shangazi aliyekuwa na kinyongo, kuna mganga anayeweza kutaja jina. Nimeona ukoo ukizika mtu mmoja na kupoteza ndugu kumi kwa mnong'ono huo, maana waliotuhumiwa hawakukanyaga tena boma lile. Yesu aliulizwa maswali ya aina hii. Wanafunzi walipomwona kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili (Yohana 9:3). Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu kumi na wanane, alikataa kukubali kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Kwa vitendo, fanya hivi: mtu mmoja wa familia aende hospitali akaelezwe na daktari chanzo cha kifo, arudi akieleze kikao cha familia kwa lugha nyepesi, mchungaji au katekista akiwepo. Penye maelezo, uvumi hukosa pa kukaa. Na kama mtuhumiwa wako ni wewe mwenyewe, yaani kile kichwa kinachorudia "ningemwahisha", "ningempigia", "ningeuza kiwanja apelekwe hospitali kubwa", mweleze daktari huyohuyo wasiwasi wako ulivyo na usikilize jibu lake mpaka mwisho. Pale ambapo kulikuwa na kosa la kweli kwa upande wako, pa kulipeleka ni kwenye ungamo mbele ya Mungu na mchungaji wako, ambako husemwa mara moja na kusamehewa. Kichwani kwako litasemwa kila usiku bila msamaha.

Hatua ya nne: Siku ya mazishi

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa makanisa yetu yana taratibu nzuri na wachungaji wanazijua. Mambo mawili tu.

La kwanza ni wasifu wa marehemu. Usikubali uwe orodha ya shule na vyeo. Weka ndani yake jambo moja ambalo kila aliyekaa naye atalitambua, hata kama linachekesha, kwa sababu kicheko kimoja cha kweli kando ya jeneza hufungua vifua vya watu. La mama yangu lilikuwa tabia yake ya kufunga miwani kwa uzi mwekundu na kuitafuta nyumba nzima ikiwa shingoni.

La pili ni watoto. Usiwapeleke kwa jirani mpaka mazishi yapite, na usiwaambie kwamba bibi "amesafiri" au "amelala". Mtoto aliyeambiwa amelala huogopa kitanda. Aliyeambiwa amesafiri hukaa dirishani akisubiri, na siku akijua ukweli hujua pia kwamba mlimdanganya. Mwambie amefariki, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi na hataamka leo wala kesho, kwamba tunaamini Yesu atamfufua, na kwamba si kosa la mtoto yeyote. Muulize kama anataka kuja kaburini na kutupa udongo. Wengi hutaka.

Hatua ya tano: Wiki na miezi baada ya turubai

Sasa tumefika kwenye kiini cha mwongozo. Biblia yenyewe haitoi kipimo kimoja cha maombolezo: Israeli walimlilia Musa siku thelathini, Wamisri walimlilia Yakobo siku sabini, na Yusufu akaongeza matanga ya siku saba njiani. Kwetu kuna arobaini, kuna kumaliza matanga, kuna shukrani ya mwaka. Alama hizi ni njema kwa kuwa zinawakusanya watu tena, lakini hakuna hata moja ambayo huzuni imeahidi kuitii. Mfiwa anayejiona amepona mwezi wa pili na kuporomoka mwezi wa tano hajarudi nyuma kiimani.

Anza kwa kujiwekea utaratibu mdogo wa kila siku ambao hauhitaji nguvu. Zaburi moja kwa saa ileile, kwa sauti, hata kama akili haipo. Namna iliyonifaa ni kuanza na Zaburi ya 1 na kusonga mbele kwa mpangilio bila kuchagua, kwa sababu anayechagua huchagua tu zile zinazolingana na hali yake ya siku hiyo, ilhali Zaburi 150 zikifuatwa kwa mfululizo humkutanisha mtu na hasira, shukrani, hofu na sifa katika wiki moja. Ni miezi mitano kamili, na karibu wafiwa wote niliowashauri wanasema zilianza kuingia moyoni mwezi wa tatu hivi.

Kurudi kanisani nako kunahitaji mpango. Jumapili ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa benchi linakumbuka na wimbo ndio unaovunja watu zaidi ya hubiri. Kaa karibu na mlango, pamoja na mtu anayejua kwamba unaweza kutoka nje katikati ya ibada. Ukishindwa kuimba, simama tu uwaache wengine wakuimbie. Ndiyo maana ya kuwa na kusanyiko. Jumuiya ndogondogo ina nafasi ambayo kanisa kubwa haina, maana pale watu kumi wanajua jina la marehemu wako. Waombe jambo la wazi: "Naomba kila Alhamisi mtu mmoja anipigie." Watu hawakukimbii kwa kukuchukia, hawajui la kufanya, na ombi lenye siku huwapa la kufanya.

Jiandae pia kwa vitu vidogo, kwa sababu huja bila taarifa. Mwezi Januari uliofuata kifo cha mama, mzee mwenzangu alikuja kwenye jumuiya kugawa bahasha za sadaka za mwaka mpya. Alisoma namba na jina, mtu anaitika, pakiti inapita mikononi. Akasoma namba ya mama, akasoma jina lake zima, na hakuna aliyeitika. Alipogundua alitaka kuificha pakiti ile kwenye mfuko, akaanza kuomba radhi huku sauti inatetemeka. Nilimwambia anipe. Zilikuwa bahasha za mwezi hadi mwezi, zimefungwa kwa mpira, namba yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kona. Nililia pale, mbele ya watu niliozoea kuwafariji, na mama mmoja akanishika kiwiko bila kusema kitu hadi sala ya mwisho. Sijui kama nimewahi kufarijiwa vizuri zaidi ya pale. Kitu cha namna hiyo kikikukuta, usikiondoe haraka machoni pako. Kishike, ulie, kiweke mahali panapofaa. Vivyo hivyo kwa nguo za marehemu: hakuna amri kwamba zigawiwe siku ya kumaliza matanga. Ukoo ukitaka kuzigawa, omba kubaki na moja.

Mambo ya kisheria yasiache kutajwa, kwa maana nimewaona wajane wasiopata nafasi ya kuomboleza kwa sababu ya kupigania nyumba. Kwa Tanzania, fuatilia cheti cha kifo mapema kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hifadhi muhtasari wa kikao cha familia kilichopendekeza msimamizi wa mirathi, na shauri lipelekwe mahakamani badala ya kumalizwa kwa sauti kubwa sebuleni. Kanisa linalomwimbia mjane siku ya mazishi lina wajibu wa kumsindikiza na mahakamani. Yakobo 1:27 inaihesabu kazi ya kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao kuwa ndiyo dini iliyo safi.

Hatua ya sita: Lilishe tumaini lenyewe

Tumaini la Kikristo lina kitu ndani yake, na mfiwa anastahili kulijua kwa undani zaidi ya maneno "yuko mahali pema". Imani yetu inakiri ufufuo wa mwili. Yesu aliyefufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi na alikuwa na alama za misumari mikononi. Alitambulika na aliita watu kwa majina, kama alivyomwita Mariamu kando ya kaburi na Mariamu akaijua sauti. Kwa hiyo tunachokingojea ni mtu yuleyule, akiwa mzima. Ndiyo maana kaburi kwetu ni mahali pa kupanda, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 15, na Wachaga tunaozika kihambani kati ya migomba hatuhitaji kuelezwa sana habari ya kitu kinachoingia ardhini.

Sura hiyo ya 15 ina aya 58. Soma mbili kila siku, nayo itakwisha kwa siku 29, kisha irudie. Usitafute hisia, acha maneno yazoeane nawe. Wanafunzi waliokwenda Emau walisema "nasi tulikuwa tukitumaini", kwa wakati uliopita, huku aliyefufuka akitembea kando yao, na yeye alianza kuwafunulia Maandiko wakiwa bado wana uso wa huzuni. Walimtambua jioni, mezani, alipoumega mkate.

Tumia pia kalenda ya kanisa. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, na misa za kuwaombea. Sisi Walutheri na Waprotestanti wengine hatuwaombei marehemu, lakini tunamshukuru Mungu kwa maisha yao, na katika familia zenye madhehebu mawili ni busara kila mmoja aheshimu namna ya mwenzake bila kugeuza kaburi kuwa uwanja wa mdahalo. Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, iliyoanzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732. Popote ulipo, waweza kuifuata: nenda kaburini kabla ya jua, beba panga la kufyekea majani na wimbo mmoja, na usome habari ya wale wanawake waliokwenda na manukato.

Wapo wanaosumbuliwa na swali lililo chungu kuliko yote: marehemu wangu alikufa bila kuonekana kanisani, au alijiua, je, ninaweza kutumaini? Sitakupa hukumu ambayo sikupewa. Ibrahimu aliuliza, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" (Mwanzo 18:25), na mnyang'anyi msalabani alipokelewa katika saa zake za mwisho, akiwa na ombi moja tu mdomoni. Hakuna aliyekuwapo ndani ya moyo wa marehemu wako dakika ile isipokuwa Mungu. Ukiambiwa vinginevyo na mtu aliyeshika kipaza sauti, una ruhusa ya kuondoka.

Hatua ya saba: Jua ni wakati gani wa kwenda hospitali

Huzuni si ugonjwa, ila yaweza kugeuka ugonjwa. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, huzuni ya muda mrefu imetambuliwa kama tatizo la afya ya akili pale ambapo hamu kali ya marehemu na maumivu yake yanaendelea kwa zaidi ya miezi 6, yakipita kiasi cha mila na dini ya mtu, na kumzuia asiweze kuendesha maisha yake. Kuna dalili ambazo hazingojei miezi hiyo: mtu anayesema anataka kumfuata marehemu, anayegawa vitu vyake, asiyekula wala kulala kwa siku kadhaa, au anayekunywa pombe tangu asubuhi. Mpeleke siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye huduma ya afya ya akili, na asiachwe peke yake. Mchungaji anayekwambia uchague kati ya maombi na dawa hajasoma vizuri habari za Timotheo, ambaye Paulo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Hatua ya nane: Faraja uliyopokea, ipeleke

Paulo anasema Mungu hutufariji ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki za namna zote (2 Wakorintho 1:4). Usiikimbilie hatua hii. Mfiwa anayekimbilia kuhudumia wengine wiki ya tatu mara nyingi anakimbia nyumba yake. Kwa wengi huja baada ya mwaka, na huja kwa kuitwa: jirani anafiwa, nawe unajikuta unajua la kufanya.

Basi fanya hivi. Nenda mapema, beba sukari au mkaa, na uoshe vyombo bila kuuliza viko wapi. Kaa. Usieleze kifo. Andika tarehe ya kifo kwenye daftari lako, na chini yake uandike tarehe za mwezi wa tatu, wa sita na wa mwaka, kwa sababu simu ya mwezi wa tatu karibu hakuna mwingine atakayeipiga. Utakapopiga, mtaje marehemu kwa jina lake. Wafiwa hawaogopi jina hilo, wanaogopa lisije likaacha kutajwa. Kama hujui uanzeje, sema: "Leo nilimkumbuka mama yako alivyokuwa akitafuta miwani yake." Kisha nyamaza, umwache azungumze mpaka salio liishe.